Muungwana Hajipigii Kura

Katika kaunti ya Harwood, jimboni Virginia, hapakuwahi kuonekana mwanamume aliyesimama mbele ya sherifu siku ya uchaguzi akajipigia kura mwenyewe. Sheria haikulikataza jambo hilo. Lilikatazwa na kitu kikali kuliko sheria, nacho ni kuona haya. Mgombea aliyelelewa vizuri, zamu yake ikifika, alimpa kura mpinzani wake kwa sauti ya kusikika, kisha akainama kidogo, na mpinzani naye akarudisha vivyo hivyo. Kura hizo mbili zilifutana, kama wageni wawili waliokutana mlangoni kila mmoja akamwambia mwenzake, tangulia wewe. Hakuna aliyepata, hakuna aliyepoteza, na wote wawili walibaki waungwana.

Lemuel Tribble aliijua desturi hiyo kuliko waliozaliwa nayo, kwa sababu yeye aliisomea.

Baba yake, Amos Tribble, alikuwa mtengeneza ngozi. Mashimo yake ya kulowekea ngozi yalikuwa bondeni, kando ya kijito, yamejaa maji meusi ya magome ya mwaloni, na upepo ukigeuka watu wa kanisani walikuwa wakiimba huku wameziba pua. Lemuel alikua na viganja vya rangi ya kahawia kama vilivyopakwa hina. Alipopelekwa kwa wakili mmoja mzee kufagia ofisi na kunakili hati, alisoma sheria usiku na mchana mbele ya meko, na sheria ikaingia bila taabu. Taabu ilikuwa mambo mengine: namna ya kushika glasi, namna ya kuvua kofia bila kuonekana unaomba, namna ya kucheka bila kufungua mdomo wote. Viganja alivisugua kwa siki na mchanga mpaka vikawa vyeupe kama vya kasisi.

Basi akawa wakili. Akapanda farasi akawafuata majaji kutoka kaunti hadi kaunti, akilala kwenye nyumba za wageni kitanda kimoja na mawakili wenzake, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Alitetea kesi za mipaka ya mashamba, za nguruwe waliopotea, za wosia. Polepole wakubwa wa Harwood wakaanza kumkaribisha kwa mlango wa mbele. Siku Kanali Warner Ravenscroft, mwenye shamba kubwa kuliko yote ya tumbaku, alipoinuka akampisha kwenye kiti chake mwenyewe karibu na moto, Lemuel alirudi nyumbani akamwelezea mkewe kile kiti, miguu yake, mto wake, misumari yake ya shaba, mpaka mkewe akasema, "Haya, baba, nimekiona. Sasa kula."

Hivyo ndivyo alivyokuwa mpaka ilipokuja kesi ya Keziah.

Keziah alikuwa mpishi wa mjane mmoja tajiri, na mjane alipofariki wosia wake ukasema Keziah awe huru. Wapwa wa marehemu wakaenda mahakamani kuupinga; mpishi wa namna ile, walisema, haachiliwi hivi hivi kama njiwa. Lemuel aliusimamia ule wosia. Alipigana vikao viwili, akashinda, na watu wakampongeza, hata Kanali, kwa kuwa wosia ni wosia.

Wiki iliyofuata Keziah akaja ofisini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na macho yasiyoharakishwa. Alikataa kukaa.

"Bwana Lemuel, nimekuja kukushukuru," alisema. "Na kukuuliza nihamie wapi."

Lemuel alielewa mara moja. Sheria mpya ya jimbo ilisema mtu mweusi akishaachiwa huru asikae Virginia zaidi ya mwaka mmoja. Akikutwa, anakamatwa na kuuzwa upya. Mwaka wa Keziah ulihesabiwa tangu siku mjane alipofariki, na kesi ilikuwa imeshaula sehemu kubwa. Mume wa Keziah, Isham mfua chuma, alikuwa mali ya Kanali Ravenscroft. Binti yao Phebe, naye pia. Hao hawakuwa na ruhusa ya kuvuka hata kijito.

"Umenishindia safari," Keziah akasema. "Tena ya mtu mmoja."

Njia ilikuwa moja tu. Bunge la jimbo, kule Richmond, lingeweza kumpa mtu ruhusa ya kubaki, ila ombi lilipaswa kusimamiwa na mbunge wa kaunti yake. Na mbunge wa Harwood alikuwa amekufa kwa homa mwezi uliopita. Lemuel akatangaza kugombea. Kesho yake Kanali Ravenscroft naye akatangaza, na hakuficha maneno. Mweusi aliye huru akiishi karibu na wasio huru, alisema, ni kama kuacha lango wazi ukawalaumu ng'ombe. Ombi la Keziah halingeinuka kutoka mezani yeye akiwa Richmond.

Siku ya uchaguzi ilikuwa ya Novemba, baridi ya kuuma masikio. Uwanja wa mahakama ulijaa mbwa, farasi na magari ya kukokotwa. Chini ya mti mmoja nyama ya ng'ombe ya Kanali ilikuwa ikigeuzwa juu ya makaa tangu alfajiri; ng'ambo yake Lemuel alikuwa ameweka mapipa ya pombe ya matofaa, kwa sababu mgombea asiyenywesha watu hupigiwa miayo tu. Keziah alikuwa pembeni na vikapu vyake vya mikate ya tangawizi. Kura hakuwa nayo, wala mumewe, wala mwanamke yeyote aliyekuwa pale. Walikuwa na macho.

Lemuel alipita kwake kwanza. Keziah akamtazama miguuni.

"Umevaa viatu vya dansi."

"Ni viatu vya heshima."

"Matope hayajui heshima, Bwana Lemuel. Chukua mkate. Mdomo mtupu hunena vibaya." Akamkatia kipande. "Nawe kura yako unampa nani?"

"Kanali."

Kisu kikasimama. "Unampa Kanali."

"Ndiyo desturi. Naye atanipa mimi. Zinafutana."

"Na asipokupa?"

"Atanipa. Yule ni muungwana, huwezi kumdhania hivyo."

"Simdhanii, namjua. Marehemu bibi yangu, yule mjane, alikuwa akinikopesha kwake kwa sherehe." Keziah akafuta kisu kwa kitambaa. "Atakupa, tena kwa sauti nzuri. Adabu za watu wale mimi nimezipakua mezani maisha yangu yote, bwana. Zinapendeza. Sijawahi kuona zikimshibisha aliye jikoni."

"Keziah, mtoto wa mtengeneza ngozi akikosa adabu siku moja, wanasema harufu imerudi."

"Haya," alisema Keziah. "Na mimi nikihama, wanasema nini?"

Lemuel alikula mkate wake akaondoka. Ulikuwa mtamu, naye hakuusikia utamu.

Meza ilikuwa imewekwa barazani pa mahakama, imetandikwa kitambaa cha kijani. Katikati alikaa Sherifu Maddox, mkamata wezi siku nyingine na msimamizi wa kura siku hiyo, aliyemwoa dada yake Kanali. Karani alikuwa ubavuni mwake na kalamu yake ya unyoya. Wagombea walikaa huku na huku, kwa sababu kura za Virginia zilikuwa za mdomo: mpiga kura anapanda ngazi, anatajwa jina, anaulizwa, anajibu mbele ya watu wote, na aliyepewa kura anasimama, anainama, anashukuru. Ukimkataa mtu, unamkataa huku goti lake liko hatua mbili kutoka lako.

Kanali alikuwa wa kwanza. Mzee mwenye nywele nyeupe zilizofungwa kisogoni, koti la bluu, sauti ya kengele.

"Warner Ravenscroft, unampa nani kura?"

"Nampa Bwana Lemuel Tribble, wakili hodari na jirani mwema."

Watu wakapiga makofi. Lemuel akasimama akainama kwa kipimo sawasawa, wala si chini mno kama mtumishi. "Nakushukuru, Kanali. Sitasahau." Akageuka kwa sherifu ili arudishe kura ile, lakini hapo hapo magari matatu ya watu wa juu mtoni yakaingia kwa kishindo, mbwa wakabweka, na sherifu akapunga mkono. "Ngoja kidogo, Bwana Tribble. Hawa wametoka mbali na wanataka kurudi. Wewe uko hapa hapa, utapiga baadaye."

Basi ikawa baadaye.

Walipanda mmoja mmoja. Mwenye nguruwe, ambaye Lemuel alimrudishia nguruwe wake kwa mabishano ya siku nzima, alitazama dari. "Tribble ni wakili mzuri," alisema, "lakini anawapenda mno watu wa jikoni. Ravenscroft." Lemuel akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyeambiwa habari za mvua. Kijana mmoja aliyenunua shamba juzi akasema "Tribble" mpaka sauti ikampasuka. Mwalimu wa watoto, Ravenscroft. Mwenye kinu cha unga, Tribble. Mara huyu mbele, mara yule, na wenye kuwekeana dau uwanjani wakaanza kugombana.

Mchana akapanda Mzee Zadok Pruitt, aliyefanya kazi na marehemu Amos kwenye mashimo ya ngozi na sasa alikuwa akishona viatu. Koti lake lilikuwa na harufu ya kazi mpaka leo, na sherifu akasogeza kiti nyuma.

"Usikimbie, Maddox, viatu vyako vimetoka huko huko," alisema Zadok. Akajifuta ndevu. "Sasa. Nimekula nyama ya Kanali, na nimekunywa pombe ya huyu mtoto wa Amos. Nyama ilikuwa bora, sisemi uongo. Pombe ina maji."

"Mzee, unampa nani?"

"Nakuja. Nimekula kwa yule kwa sababu nina njaa. Kura si tumbo. Tribble."

Baraza zima likacheka, hata Kanali. Lemuel akainama. "Nakushukuru, Mzee Zadok. Sitasahau."

"Usisahau maji kidogo mara nyingine," Zadok akajibu, akashuka.

Jua liligusa miti. Karani akaleta mshumaa, akajumlisha, akajumlisha tena, akamnong'oneza sherifu. Sherifu akasimama.

"Zimelingana."

Mnong'ono ukazunguka uwanja kama upepo kwenye mahindi makavu. "Kura zikilingana," sherifu akaendelea, bila kuficha kwamba anaona raha, "sheria inanipa mimi kura ya kuamua." Hakuna aliyehitaji kuambiwa ingekwenda wapi. Shemeji ni shemeji.

"Sherifu," Lemuel akasema. "Mimi bado sijapiga."

"Kweli kabisa, nilikusahau." Sherifu akakaa tena, akatabasamu. "Jamani, tulieni. Tunamngoja Bwana Tribble atimize adabu yake, halafu twende tukanywe."

Hapo Lemuel akaliona jambo lote, limekaa mezani kama sahani. Kanali alimpa kura asubuhi. Asingempa, muda huu angekuwa ameshashinda. Kwa sababu ya uungwana wake Kanali alikuwa amejipunguzia ushindi, akiwa hana shaka kwamba kura yake itarudishwa. Lemuel akimpa Kanali, Kanali anashinda kwa kura moja. Lemuel akinyamaza, sherifu anampa shemeji yake. Njia zote mbili zilikwenda nyumba moja, na njia ya tatu haijawahi kukanyagwa na mtu.

Kanali alimwinamia, akasema taratibu, kwa wema wa kweli, na huo wema ndio uliouma. "Ndugu yangu Tribble, usione vibaya. Umeshindana kama mtu. Uchaguzi wa kawaida ni Aprili ijayo; mimi ni mzee, nitapumzika, na nitakushika mkono mwenyewe mbele ya watu wote. Kiti chako karibu na moto kipo."

Lemuel alikiona kile kiti. Aliiona misumari yake ya shaba.

Akatazama uwanjani kumtafuta Keziah. Hakuwa akimtazama. Alikuwa amepiga magoti, anakunja kitambaa cha kikapu, kona juu ya kona, kama mtu anayeanza kufungasha. Nyuma yake, kando ya farasi wa Kanali, Isham alikuwa ameshika hatamu na kumtazama mkewe akikunja.

Ndipo Lemuel akamkumbuka baba yake. Waungwana walikuwa wakija mashimoni na leso puani kuchagua ngozi ya matandiko ya farasi. Hawakumpa Amos mkono hata siku moja. Lakini hawakuondoka bila ngozi, na Amos hakuwahi kuomba radhi kwa harufu.

Akasimama, akaenda mbele ya meza kama mpiga kura yeyote.

"Jina?" sherifu akauliza, kwa kufuata utaratibu.

"Lemuel Tribble. Mtoto wa Amos Tribble, mtengeneza ngozi."

Sherifu akainua nyusi. "Unampa nani kura?"

"Lemuel Tribble."

Kalamu ya karani ikabaki hewani, tone la wino likaanguka juu ya kitambaa cha kijani.

"Bwana Tribble," sherifu akasema polepole, "nadhani ulimi umeteleza."

"Haukuteleza. Andika."

"Mtu hajipigii kura mwenyewe."

"Nionyeshe sheria inayosema hivyo, nami nitakaa. Nimezisoma zote, Sherifu. Wewe je?"

Kanali alikuwa amesimama, mwekundu mpaka masikioni. "Asubuhi nilikupa kura yangu."

"Ulinipa, na nilikushukuru."

"Nilikupa kwa adabu!"

"Imeandikwa na wino ule ule wa zile nyingine, Kanali. Kama hukutaka niipate, ungempa mtu mwingine."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, bwana mdogo."

"Sijashindwa," Lemuel akasema. "Ndiyo tabu uliyo nayo sasa hivi."

Mtu mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema kwa sauti kwamba anasikia harufu ya ngozi mbichi, na wengi wakacheka, kicheko kibaya. Lemuel aliwageukia. Akavua glavu zake nyeupe, akaziweka mezani, akainua wavione vile viganja alivyovisugua kwa siki.

"Ni kweli, inanuka," alisema. "Kila mmoja wenu ameikalia akija hapa leo. Haya, Sherifu. Andika, au useme mbele ya watu hawa kwa nini huandiki."

Sherifu alimtazama shemeji yake, akautazama uwanja, akamwona yule mwenye kinu amekunja mikono na yule kijana wa shamba jipya amepanda ngazi ya kwanza. Akamwashiria karani. Kalamu ikakwaruza.

Hapo ikasikika sauti ya Mzee Zadok kutoka upande wa mapipa. "Na ishukuriwe. Kila kura leo imeshukuriwa, hiyo ina kosa gani?"

Lemuel akafikiri kidogo. Kisha akazunguka meza, akarudi kwenye kiti chake, akasimama kama mgombea, akainama kwa kipimo sawasawa kuelekea pale alipokuwa amesimama punde tu.

"Nakushukuru, Bwana Tribble," alisema. "Sitasahau."

Wengine walicheka hata bila kutaka. Kanali hakucheka. Alivaa kofia yake humo humo barazani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mlango wangu wa mbele umefungwa kwako."

"Nitapita wa jikoni, Kanali. Ndiko nina wateja."

Hakuna aliyempa mkono alipokuwa akishuka, isipokuwa Zadok, na mkono wa Zadok ulikuwa na mafuta ya nyama ya Kanali. Keziah alikuwa bado amepiga magoti. Alikuwa amekikunjua kile kitambaa.

Richmond walizipata habari kabla yake. Bungeni walimpa jina la Bwana Najishukuru, na kila alipoinuka kusema, waheshimiwa wa viti vya nyuma waliinuka wakajiinamia wenyewe. Aliwaacha wamalize, kisha akasoma ombi la Keziah. Likawekwa kando. Akainuka kesho yake akalisoma tena. Likawekwa kando. Walikuwa watu wenye adabu, na walizoea kwamba mtu akikataliwa kwa upole hukaa chini. Huyu hakuwa na adabu ya kumzuia tena. Alikuwa ameiacha mezani Harwood pamoja na glavu. Mwishowe, Krismasi imepita na mwaka wa Keziah umebakiza siku za kuhesabika, walimpa ruhusa yake ya kubaki, nusu kwa kuona haya na nusu kwa kutaka kwenda chakula cha mchana.

Isham na Phebe walibaki mali ya Kanali. Hilo Lemuel hakulishinda, wala siku ile wala baadaye, ingawa alilijaribu kwa kila mlango mpaka nywele zikawa nyeupe.

Aprili uchaguzi wa kawaida ukaja. Wakubwa walimsimamisha mpwa wa Kanali. Wateja wa Lemuel wenye mashamba makubwa walikuwa wamehama wote, na aliokuwa nao sasa walilipa kwa kuku na kuni. Aligombea hivyo hivyo. Asubuhi, kabla sherifu hajakaa vizuri, alikuwa wa kwanza mezani.

"Lemuel Tribble anampa Lemuel Tribble," alisema. Akazunguka meza, akainama, akajishukuru. Mzee Zadok alipiga makofi peke yake.

Alishindwa vibaya. Jua lilipozama alitembea mpaka pembeni mwa uwanja, ambako Keziah alikuwa amekaa na vikapu vyake pale pale. Isham alikuwa naye. Ilikuwa Jumamosi, siku aliyopewa cheti cha kumruhusu kutoka shambani kwa Kanali, na alikuwa anakula mkate kwa utulivu wa mtu aliye kwake.

"Wamekupiga, Bwana Lemuel," Keziah akasema.

"Wamenipiga sana."

"Utasimama tena?"

"Mwakani. Na mwaka unaofuata."

Keziah akamkatia kipande kikubwa, akamtazama miguuni, kwenye vile viatu vya dansi vilivyokuwa vimepasuka ubavuni na kujaa matope mpaka kwenye vifundo.

"Basi mwambie Zadok akushonee viatu vya maana," alisema. "Hivyo havifiki mwakani."